Kiti cha Kushoto

Baada ya kumzika Tonton Floribert tulikusanyika katika ukumbi wa parokia kule Jette, mtaa wa Brussels, watu kama themanini, viti vimepangwa kuzunguka kuta, akina mama wakipakua wali, sombe ya majani ya muhogo na makayabu, samaki wetu wa chumvi, kana kwamba marehemu mwenyewe angerudi kukagua sahani. Nilikuwa nimelia vya kutosha makaburini, kwa hiyo nilikaa na chakula changu, viatu nimevivua chini ya meza, nikisikiliza ya watu. Vijana watatu walikuwa wakipokezana simu yenye picha ya zamani: magari mawili mbele ya gereji, moja dogo la rangi ya maziwa, kimo chake hakifiki kiunoni mwa mtu, jingine kubwa la rangi ya chungwa, na katikati yake wanaume wawili, Mwafrika na Mzungu, wamenuniana kama wake wenza. Mjukuu wa marehemu akanigeukia.

"Maman Clémentine, banasema weye ulipanda yote mbili."

"Nilipanda."

"Bon, alors sema kweli. Gani njo ilikuwa inakimbia sana?"

Nilitaka kucheka, maana swali hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko wao wote watatu, na wale wawili wa kwenye picha walikuwa wamelibishania miaka na miaka bila kulimaliza. Nikamwambia jibu lake ni refu. Akasema chakula bado ni kingi, tuna wakati. Hata hivyo sikumjibu siku ile, kwa sababu jibu lenyewe lina aibu ndani yake, na aibu hiyo nusu ni yangu. Namjibu hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka Lubumbashi na cheti cha uuguzi, nikifanya mwaka wa mazoezi hospitalini Jette. Leseni ya kuendesha nilikuwa nayo, mpya kabisa, lakini nilikuwa sijawahi kuendesha kitu chochote zaidi ya gari la shule ya udereva. Chumba changu kilikuwa Berchem-Sainte-Agathe, juu ya gereji, katika mtaa wa nyumba za matofali zinazofanana hata wenyeji wake hukosea milango. Sakafu ilikuwa ya mbao, na baina ya mbao na mbao palipenya harufu ya petroli na grisi, ikaingia katika sare zangu, hata wagonjwa wakawa wananiuliza kama mume wangu ni fundi. Mume sikuwa naye. Nilikuwa na kitanda, jiko la umeme la sahani mbili, na dirisha linalotazama ua, na chini yangu nilikuwa na wazee wawili waliokuwa wakigombana kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Wiki ya kwanza nilidhani nitahama. Wiki ya pili nikaanza kulala sakafuni makusudi, sikio kwenye mbao, ili nisipitwe na neno.

Mwenye nyumba aliitwa Papa Hubert. Alikuwa Mzungu mrefu, mkavu, mjane, karibu na miaka sabini, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza Katanga akipima ardhi kwa ajili ya reli. Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa, cha karakana na cha safari, na alikitumia hata kumfokea paka wa jirani. Fundi wa chini ndiye Tonton Floribert. Hakuwa mjomba wangu wa damu. Kila mtu wa Lubumbashi hapa Brussels alimwita hivyo. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mikono ya kutisha na sauti ndogo ya kushangaza, na ufundi wake aliuanzia huko huko Katanga, katika magari ya kazi ya Papa Hubert. Miaka ilipita, kila mmoja kwa njia yake akafika Ubelgiji, na Papa Hubert akampangisha gereji iliyo chini ya nyumba yake. Jumapili baada ya misa tulikula pamoja jikoni kwa Papa Hubert. Alipika mwenyewe: bukari, ugali wetu wa Katanga, akiisonga kwa mwiko aliokuja nao kutoka kule, na nyama ya ng'ombe iliyochemka taratibu ndani ya bia nyeusi pamoja na kipande cha mkate kilichopakwa haradali. Wao wawili walikula kwa mikono. Mimi siku ya kwanza, nikitaka kuonekana nimestaarabika, niliomba uma, wakanicheka mpaka Tonton akashika ubavu.

Ugomvi wao ulikuwa wa magari. La Papa Hubert lilikuwa la Kiingereza, la viti viwili, paa la turubai, injini ndogo ambayo mtu angedhani imetolewa kwenye cherehani. Tonton aliliita Kapanya. La Tonton lilikuwa la Kimarekani, silinda nane, boneti ndefu kama meza ya karamu, alilolinunua kutoka kwa Mmarekani mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Papa Hubert aliliita Kabati. Majina yalikuwa ya matusi, lakini kila mmoja aliishia kulipokea la kwake.

"Kabati yako inajua kwenda mbele tu," nilimsikia Papa Hubert siku moja chini ya sakafu. "Kama barabara inapinda, inalia sawa mutoto."

"Bon, na Kapanya yako? Inakata kona vizuri sababu haina kitu ingine ya kufanya. Haina nguvu! Batu ba kukosa nguvu njo banapenda kona."

"Nguvu bila masikilizano ni nini, Floribert? Ni ng'ombe ndani ya salon."

"Alors tushindane."

"Tushindane."

Na hawakushindana. Kila mmoja aliogopa kushinda, naona, maana angebaki bila la kusema Jumatatu.

Sasa lazima nieleze jambo moja ambalo bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kapanya, Papa Hubert alilinunua Ndola, ng'ambo ya mpaka, kwa Mwingereza, kwa hiyo usukani wake ulikuwa kulia. Lakini Katanga, kama Ubelgiji, watu huendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake ni kwamba dereva hukaa karibu na mtaro, na akiwa nyuma ya lori haoni lolote la mbele ila mkia wa lori. Anayeona ni mtu wa kiti cha kushoto. Kwa hiyo wakabuni kazi, wakaiita jicho. Kwenye barabara ya Likasi, katika vumbi la malori ya shaba, Tonton alikuwa jicho la Papa Hubert: alichungulia, akasema "Pita" au "Bado", na kama mambo yameharibika katikati, "Rudi". Jicho halisemi "nadhani". Jicho likisita, ni bado. Na dereva hajadiliani na jicho, hata kama ni bosi na jicho ni kibarua wake; Tonton alinisimulia hilo kwa fahari kubwa kuliko habari za ndoa yake. Walifika Brussels na desturi yao hiyo, na kila Jumapili baada ya chakula walitoka hivyo kwenda kuzunguka vilima vya Pajottenland, mashamba yanayoanza mara tu Berchem inapokwisha. Mwaka ule Tonton akasema magoti yake yamekufa, hawezi tena kujikunja kuingia kwenye kiti kilicho chini vile. Akaniweka mimi.

Sitaisahau mara ya kwanza. Nilikaa chini kiasi kwamba ningenyosha mkono ningegusa lami. Upepo ulinivua kitambaa kichwani kabla hatujafika mwisho wa mtaa. Nilisubiri kasi, na kasi haikuja. Spidomita haikuvuka themanini, mabasi yalikuwa yakikimbia kuliko sisi. Kisha tukafika kwenye kona ya kwanza, barabara nyembamba inayoshuka baina ya kingo mbili za udongo, nikajikaza kungojea breki, na breki nayo haikuja. Papa Hubert aligeuza usukani kidogo, kwa vidole, na gari likageuka pamoja na barabara kana kwamba vilizaliwa siku moja. Halikulala upande, halikulia, halikupoteza hata kilomita moja ya mwendo wake. Kona ya pili ikaja, ya tatu, ya nne, kushoto, kulia, kilima, bonde, nami nikajikuta nimefungua mdomo wazi, machozi ya upepo yananitiririka mpaka masikioni.

"Kuongeza mwendo, kila muntu anaweza," akasema bila kunitazama. "Kazi ni kukosa kupunguza."

Jumamosi moja Tonton, kwa wivu, akanichukua ndani ya Kabati. Hapo nilipata maana nyingine ya neno nguvu. Ile sauti haikuingia masikioni, iliingia mbavuni. Alitafuta barabara iliyonyooka kati ya mashamba ya viazi, akasimama kabisa, akanitazama, akasema kwa kile kisauti chake kidogo: "Omba." Akakanyaga. Pua ya gari ikainuka mbele yangu, mgongo wangu ukabanwa kitini, mikono ikawa mizito, na miti ya kando ya barabara ikaacha kuwa miti. Niliomba kweli, salamu Maria nzima, na nilipofika "saa ya kufa kwetu" tulikuwa tumeshafika mwisho wa barabara, na kona ilikuwa pale. Tonton akaishika breki kwa mguu na kwa imani. Gari zima likalala upande mmoja, matairi yakapiga kelele, rozari ya kwenye kioo ikagonga dirisha. Nilishuka nikicheka kama mwendawazimu. Nilitoka kwetu nikidhani gari ni chombo cha kukufikisha mahali. Mwaka ule watu wawili walinionyesha kwamba linaweza kuwa kitu cha kustaajabia kama ndege angani, na hadi leo, bibi mzima wa viungo vibovu, nikisikia silinda nane inapita mtaani nasimama.

Lakini nilikipenda zaidi kiti cha kushoto. Papa Hubert aliniongezea kazi. Hakutosheka na "pita" na "bado". Alitaka nimwambie kila kitu: baiskeli, farasi, dimbwi, mtu anayetoka kanisani. "Jicho muzuri inasema yote," aliniambia, na mimi, kwa kiburi cha kijana, nilidhani nimepandishwa cheo. Nikawa nasema kama redio. Nyumbani pia aliniomba nimsomee barua na gazeti, akidai anaipenda sauti yangu. Nilimwamini, maana sauti yangu ni nzuri.

Mwezi wa Septemba Tonton alitoa wazo. Tulikuwa tumemaliza kula, vidole bado vina mchuzi. "Tuache maneno," akasema. "Tubadilishane. Miye naendesha Kapanya, weye unaendesha Kabati. Njia ile ile. Clémentine atapanda zote mbili, atasema." Papa Hubert alifuta vidole vyake kimoja kimoja, kisha akasema d'accord, sawa. Tonton akatangulia, magoti yake yakiwa yamefufuka kwa muda, nami kushoto kwake. Aliliendesha Kapanya kama mtu anayevunja mlango. Kwenye kona mbili za mwanzo nilifumba macho. Kona ya tatu akatulia, ya nne akaacha kukanyaga breki, na tuliporudi uani alizima injini akakaa tu, mikono juu ya usukani. "Mama yangu," akasema. "Hii kitu inakuambia kila jiwe." Kisha akakumbuka yeye ni nani, akashuka akisema haina nguvu.

Zamu ya Papa Hubert ikafika. Ndani ya Kabati usukani uko kushoto, kwa hiyo mimi nilikaa kulia, upande wa mtaro. Tangu tulipotoka nilihisi kuna kitu hakiko sawa. Usukani wa Kimarekani hauzungumzi. Unauzungusha robo nzima ndipo gari linafikiria. Papa Hubert alikuwa akienda upande, anarekebisha, anaenda upande tena. Nilidhani ni ugeni. Kwenye barabara iliyonyooka, mbele yetu, upande wetu, palikuwa na mwanamke juu ya baiskeli, koti la mvua la njano, linaonekana kutoka Ufaransa. Nilinyamaza, maana hii haikuwa Kapanya, nani anahitaji jicho katika gari ambalo dereva anaona mwenyewe? Tukamkaribia. Papa Hubert hakupunguza. Hakupindisha. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayesikiliza muziki. Nilipiga kelele nikaurukia usukani kwa mikono miwili, Kabati likatii kwa kuchelewa, na tukampita yule mwanamke kwa umbali wa mkono. Nilimsikia akitutukana kwa Kiflemi.

"Jua ilinipiga usoni," akasema Papa Hubert.

Mbingu ilikuwa ya kijivu tangu Ijumaa.

Tonton alitupokea uani kwa kicheko. Alikuwa ameona kutoka mbali jinsi gari lilivyoyumba likiingia, akatangaza kwamba Muzungu ameshindwa na kabati. Papa Hubert naye akacheka, akakubali kushindwa kwa adabu. Mimi nilikwenda jikoni nikasimama nyuma ya mlango, nikamtazama kama ninavyotazama wagonjwa. Alimimina kahawa kidole chake kikiwa ndani ya kikombe, ili ajue imefika wapi. Alipotaka kuniona aligeuza uso pembeni kidogo. Nilikuwa nimekutana na maradhi hayo mara nyingi wodini: katikati ya macho pamekufa, pembeni pamebaki. Ndipo nikaelewa yote kwa pamoja. Ndani ya Kapanya alikaa ukingoni mwa barabara, akaufuata ukingo kwa kile kipande cha pembeni kilichobaki. Gari lilimwambia mikononi kila jiwe na kila mteremko. Na yaliyobaki, watoto, baiskeli, farasi, alikuwa anaambiwa na mdomo wangu. Miezi yote ile nilikuwa nimekaa nikistaajabia uendeshaji wa mtu asiyeona. Na niseme ukweli: pamoja na hofu yangu yote, nilimstaajabia zaidi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini kifo hiki kingeweza kumuumbua mtu mwingine, mwenye koti la njano, asiyejua hata habari zetu. Mtu fulani alipaswa kumwambia aache kabla hajaua. Nikamfuata Tonton chini, amelala chini ya gari la mteja, miguu tu inaonekana.

"Tonton, Papa Hubert haone."

"Najua," ikasema ile miguu.

"Tangu lini?"

"Mwaka. Mwaka na nusu."

"Na magoti?"

"Magoti iko mazima, Clémentine." Akatoka, uso umejaa grisi, hakunitazama. "Nilikuweka pale sababu weye ni infirmière. Nilisema atajua, atamwambia. Miye siwezi."

"Weye ni rafiki yake!"

"Rafiki njo hawezi. Ile motokari ni kitu imebakia kwake. Bibi alikufa, Katanga ilikwisha. Unataka miye Floribert njo nimunyang'anye?"

Nilimkasirikia hasira ambayo hata siku ya kumzika sikuwa nimeimaliza. Mtu mzima kujificha nyuma ya sketi ya msichana! Lakini nilipopanda chumbani kwangu nikiwa najiona mtakatifu, nilitulia, Jumapili ikafika, na Papa Hubert akapiga honi uani. Nikashuka. Nikapanda. Habari ya macho sikuitaja. Jumapili ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Nilijiambia nangoja maneno mazuri, nilijiambia macho yangu yanatosha watu wawili. Uongo. Nilikuwa nazitaka zile kona. Nilijua kwamba nikisema neno lile, kiti changu kitakwisha pamoja na chake. Hiyo ndiyo nusu yangu ya aibu, na ndiyo sababu sikumjibu kijana wa watu mbele ya sahani za matanga. Kabati lilikimbia sana, mwanangu, hakuna ubishi. Lakini Kapanya ndilo lililokwenda vizuri, na uzuri wake ndio uliotuficha ukweli.

Jumapili ya nne tulikuta trekta. Lilikuwa limebeba viazi, linapanda kilima polepole, tope linaruka, na viazi vinadondoka kimoja kimoja. Papa Hubert akapunguza, akashika gia ya pili, akangoja neno langu. Mimi niliona mbele vizuri. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye mnara wa kanisa.

"Clémentine?"

"Bado, papa."

Tukaenda. Akauliza tena, nikasema bado tena. Alitega sikio. "Sisikii motokari. Kuna nini kule?"

"Hakuna kitu. Barabara iko wazi."

"Alors?"

"Sitasema pita." Nilikuwa nimebana mikono baina ya magoti. "Miye njo naona, papa. Weye hauone. Siku moja nitakosea, ao nitapiga chafya tu, na tutaua mutoto wa muntu. Sitasema pita tena. Hata leo, hata Jumapili ingine."

Angeweza kulipita trekta lile mwenyewe, hakuna aliyemshika mguu. Lakini mtu yule hakuwahi katika maisha yake kulikaidi jicho, akabaki nyuma ya viazi vile, kilomita tatu nzima, gia ya pili, tope likitupiga usoni sote wawili, mpaka trekta likakata kuingia shambani. Barabara ikabaki wazi mbele yetu. Hakuongeza mwendo. Alisimamisha gari kwenye kituo cha basi, akashuka, akazunguka mbele huku kiganja chake kinapita juu ya boneti, akafungua mlango wangu.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya Kabati."

"Dimanche tatu," akasema. "Na uliendelea kupanda. Sababu gani?"

"Nilikuwa napenda kona."

Alitoa pumzi puani. Kisha akanipa ufunguo.

Nilihamia kulia. Nilikuwa nalia, na mguu wangu haukujua klachi ile, gari likaruka mara mbili likazimika. Mara ya tatu likakubali. Hatukuwa tumefika mbali wakati kona ya kwanza ilipokuja, na vidole vyangu vikasikia kitu: usukani ulikuwa hai. Ulinieleza lami inapochakaa, upande ambao barabara imeulalia, tairi gani limebeba uzito. Sikuhitaji kulazimisha, nilihitaji kusikiliza tu, na gari likaingia kona likatoka kana kwamba mimi ndiye mwenyewe wake. Kushoto kwangu Papa Hubert alikuwa amefumba macho. "Sasa inajifunga," alisema, na barabara ikajifunga. "Sasa inafunguka," na ikafunguka. Aliijua yote. Niliendesha mpaka Berchem nikiwa na huzuni kubwa na furaha kubwa ndani ya kifua kimoja, na sijawahi kujua ni ipi iliyonitoa machozi yale.

Uani alishuka, akachukua ufunguo, akasema: "Merci, mademoiselle."

Kwa Kifaransa. Na tangu siku ile nikawa mademoiselle. Bonjour, mademoiselle, kwenye ngazi. Bonsoir, mademoiselle. Hakunifukuza, hakunitukana, alininyima Kiswahili tu, na hakuna aliyewahi kuniadhibu vikali kuliko hivyo. Jumapili hapakupikwa bukari. Nilikula mkate na jibini chumbani kwangu, na chini ya mbao palikuwa kimya, maana hata Tonton alikuwa anafanya kazi bila kuongea na mtu. Mara moja alipanda kunigongea, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Ulifanya muzuri," akasema. Nilimfungia mlango.

Ilipita wiki ya tano, ya sita. Asubuhi moja ya Desemba, siku yangu ya mapumziko, mlango ukagongwa. Alikuwa Papa Hubert, amevaa koti lake zuri na tai, na mkononi ana karatasi niliyojua kwamba hawezi kuisoma.

"Clémentine. Banasema neuf heures, saa tatu ya asubuhi, kule Woluwe, docteur ya macho. Unipeleke."

"Na tram, papa?"

"Na Kapanya. Naenda kusikia habari mubaya. Niende na kitu muzuri."

Nilivaa upesi hata soksi hazikufanana. Tulivuka mji mzima paa likiwa limefungwa, vioo vinashika ukungu wa pumzi zetu. Tulikuwa tumebakiza kidogo kufika Woluwe wakati lori la bia liliposimama mbele yetu kushusha makreti, katikati ya njia yetu, taa zake zinawaka na kuzima. Kutoka kiti cha kulia niliona milango yake ya nyuma tu. Nyuma yetu watu walianza kupiga honi. Nikashika usukani nikijiuliza la kufanya. Kumuuliza mtu kipofu kama barabara iko wazi ni kumdhihaki. Kutomuuliza, naye amekaa kiti kile, ni kumtoa nje ya gari.

"Uliza," akasema kwa ukali.

"Papa, nipite?"

Alishusha kioo, akatoa kichwa nje kwenye baridi na mvua, akageuza uso pembeni kama alivyozoea, akiitafuta barabara kwa kile kipande kidogo kilichobaki. Alitafuta muda mrefu. Honi zikaongezeka. Niliuona mdomo wake ukianza kuumba neno, nami nikajua ni neno gani mwanaume aliyeendesha miaka hamsini angependa kulisema mbele ya honi zile. Kisha akarudisha kichwa ndani, mvua imemlowesha nyusi.

"Sioni, maman," akasema. "Ngoja."

Nikavuta breki ya mkono, tukangoja.